Kasri la Khedivi Juu ya Kilima cha Çubuklu

Mwezi huu twawachukua hadi Istanbul, upande wa Asia, juu ya kilima cha Çubuklu kinachotazama maji ya Bosphorus. Hapo, katikati ya bustani ya watu wote, lasimama kasri lenye mnara mrefu. Alilijenga mwaka 1907 Abbas Hilmi wa Pili, Khedivi wa Misri, yaani mtawala wa nchi ile chini ya Sultani wa Uturuki. Aliyelichora ni Mtaliana, Delfo Seminati. Ndani mliwekwa chemchemi ya marumaru chini ya dari ya vioo vya rangi, na lifti iliyoendeshwa kwa mvuke, jambo la ajabu kwa siku zile.

Abbas alikuwa mjukuu wa Ismail Pasha, yule yule ambaye mwaka 1875 alipeleka merikebu za vita Barawa na Kismayu, bandari za Sayyid Barghash wa Unguja, kisha akalazimika kuziondoa. Ismail aliondolewa kitini mwaka 1879 kwa ajili ya madeni. Mjukuu naye hakusalimika: vita vya 1914 vilimkuta Istanbul, na ilipofika Desemba Waingereza wakatangaza kuwa yeye si mtawala tena. Akabakiwa na nyumba, asiwe na nchi.

Mwaka 1937 manispaa ya Istanbul ililinunua kasri hilo. Mtu angedhani kuwa sasa limeokoka, kumbe sivyo. Kwa miaka mingi lilikaa likichakaa. Sisi watu wa pwani habari hii si ngeni kwetu, kwani tumeona majumba ya mawe ambayo warithi wake wagombania ufunguo, hali mvua yaingia darini.

Aliyelifufua, kati ya 1982 na 1984, ni Çelik Gülersoy, mwanasheria aliyeongoza chama cha Uturuki cha utalii na magari. Chama hicho kilipata fedha kwa kutoa hati za forodha za magari yanayovuka mipaka, naye akazitumia kutengeneza majumba ya kale, yakiwemo yale ya bustani za Yıldız na Emirgan. Hakutaka kasri liwe mahali pa kutazamwa tu kwa mbali. Alilifanya hoteli na mahali pa kula. Huenda msomaji akaona si heshima jumba la mtawala kuuza chai. Sisi twaona vingine. Panapouzwa chai kila siku, paa likivuja huonekana siku ile ile.

Katika miaka ya 1990 manispaa ililirudisha mikononi mwake, na pombe ikaondolewa mezani.

Abbas Hilmi alifia Geneva mwaka 1944. Waturuki hata leo waliita Hıdiv Kasrı, kwa cheo chake, na mbele yake mmepandwa bustani kubwa ya mawaridi.