Kuacha Somo, Alama Hafifu na Mlango wa Famasi



Kila matokeo ya kidato cha nne na cha sita yanapotangazwa, wazazi hutujia katika ofisi ya kamati ya msikiti wakiwa na karatasi mkononi na swali ambalo kwa miaka ya karibuni limekuwa likijirudia: "Huyu mtoto ataupata ufamasia?" Swali ni jema. Jamii inahitaji wafamasia, na hakuna mtaa usio na duka la dawa. Lakini mara nyingi jibu huwa limekwisha kuandikwa miaka miwili au mitatu nyuma, siku mtoto alipoacha somo fulani, au alipoondoka chuoni bila kumuaga mtu, na mzazi hakuambiwa. Kwa hiyo wiki hii tumeona tulizungumze jambo hili kwa urefu: ni kwa namna gani kuacha somo na kupata alama hafifu humzuia kijana kuingia katika fani ya dawa, na ni lipi kati ya hayo lenye dawa na lipi lisilo nayo.

Tuanze na ngazi zenyewe, maana wengi huzichanganya. Chini ya Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, Baraza la Famasi ndilo linalosajili watu wa fani hii. Mwenye shahada, ambayo husomwa kwa miaka minne na kufuatiwa na mwaka mmoja wa utarajali, husajiliwa kuwa mfamasia. Mwenye stashahada, ambayo husomwa kwa miaka mitatu, ni fundi dawa sanifu. Chini yao wako mafundi dawa wasaidizi na watoa dawa wa maduka ya dawa muhimu. Kila ngazi ina mlango wake, na kila mlango una masharti yake. Anayeshindwa mlango mmoja hajashindwa yote.

Mlango wa kwanza: kidato cha tatu

Katika utaratibu uliozoeleka shuleni kwetu, mwanafunzi akifika kidato cha tatu huruhusiwa kuacha Fizikia na Kemia, huku Baiolojia ikibaki kuwa ya lazima. Hapo ndipo kuacha somo kunapoanza, na hufanyika kimya kimya. Mtoto ana miaka kumi na sita, mwalimu wa Fizikia ni mkali au hayupo kabisa, marafiki wanahamia masomo ya sanaa, naye anahama. Nyumbani hakuna aliyeulizwa.

Sasa tazameni matokeo yake. Ili kuingia Stashahada ya Famasi, mwongozo wa udahili wa NACTVET hutaka ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia na Baiolojia. Ufaulu wa Hisabati na Kiingereza hutajwa kuwa ni nyongeza ya faida. Aliyeacha Kemia, basi, amejifungia mlango huu kabla hajaujua.

Hapa tuna neno mahususi kwa wazazi wa Kiislamu. Maneno "yasiyo ya dini" yasomwe vizuri. Elimu ya Dini ya Kiislamu ni somo tunalolitaka watoto wetu walifanye na walifaulu, na hatusemi waliache. Lakini halihesabiwi katika yale manne. Kijana mwenye D ya Kemia, D ya Baiolojia, D ya Kiswahili na B ya Elimu ya Dini ana ufaulu wa masomo manne kwenye cheti chake, lakini mbele ya dirisha la udahili ana matatu tu. Tumewaona waliogundua hilo siku ya kujaza fomu. Lau wangeambiwa kidato cha tatu, wangekaza Jiografia au Uraia ili pengo lisiwepo.

Na aliyeacha Fizikia peke yake? Huyu mtego wake uko mbali zaidi. Kwa Kemia na Baiolojia anaweza kusoma stashahada, akahitimu, akafanya kazi. Baada ya miaka mitano anatamani shahada, na hapo anakuta kwamba mwenye stashahada anayeomba Shahada ya Ufamasia hutakiwa pia awe na angalau D ya kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Somo aliloliacha akiwa na miaka kumi na sita linamngojea mlangoni akiwa na mke na watoto wawili. Dawa yake ipo: ajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea na kulifanya somo hilo. Ila ni vyema alifanye akiwa bado yuko chuoni, kabla kazi na familia hazijamzidi, na achague kituo chenye maabara, kwa kuwa Fizikia ina mtihani wa vitendo.

Mlango wa pili: kidato cha tano na cha sita

Kwa anayepitia kidato cha sita, ufamasia wa shahada unataka Fizikia, Kemia na Baiolojia, yote matatu kwa ufaulu wa ngazi kuu, yaani A hadi E, na jumla isiyopungua pointi sita. Pointi huhesabiwa hivi: A ni tano, B nne, C tatu, D mbili, E moja, na S, ambayo ni ufaulu wa ngazi ndogo, ni nusu pointi. Aidha kila chuo hutaja daraja la chini la kila somo katika mwongozo wa TCU, na ni wajibu wa muombaji kuusoma mwongozo wa mwaka wake mwenyewe. Asiutegemee wa kaka yake wa miaka mitatu iliyopita.

Tutoe mifano miwili, kwani hapa ndipo wazazi wengi hukosea hesabu. Kijana wa kwanza ana D tatu: mbili na mbili na mbili, sita. Ametimiza kima cha chini cha pointi. Wa pili ana B ya Baiolojia, C ya Kemia na S ya Fizikia: nne na tatu na nusu, pointi saba na nusu. Huyu wa pili ana pointi nyingi kuliko mwenzake, na baba yake hatuelewi tunapomwambia kwamba yuko nje. Yuko nje kwa sababu S si ufaulu wa ngazi kuu, hivyo ana masomo mawili badala ya matatu. Pointi nyingi za somo moja haziwezi kulifunika somo jingine lililoachwa lizame.

Na huyo wa kwanza mwenye sita asishangilie mapema. Kima cha chini humpa mtu haki ya kuomba. Nafasi ni jambo jingine. Viti vya ufamasia katika vyuo vikuu ni vichache, waombaji ni wengi, na chuo huanza na wenye alama za juu. Mwenye D tatu aombe, lakini awe na mpango wa pili mkononi.

Kuna pia wanaohama tahasusi kidato cha tano, kutoka Fizikia, Kemia na Baiolojia kwenda Kemia, Baiolojia na Jiografia, kwa kuwa Fizikia imewalemea. Hatuwalaumu. Kuhama mapema kwa kujua huenda kukawa na busara kuliko kung'ang'ania na kupata F. Lakini mtoto ahame akiwa ameambiwa waziwazi kwamba njia ya moja kwa moja ya kuifikia Shahada ya Ufamasia ameiacha, na kwamba akiutaka ufamasia baadaye atapitia stashahada. Akikubali kwa hiari, ni uamuzi. Akihama bila kuambiwa, amepoteza kitu ambacho hakujua anacho.

Mlango wa tatu: chuoni

Tukifika chuoni, mambo mawili huharibu: alama za marudio na kuondoka bila ruhusa.

Mwanafunzi akianguka mtihani hupewa wa marudio, ambao wenyewe huuita "sapu". Vijana hulichukulia jambo hili kwa wepesi; husikia wakiambiana kwamba sapu ni sehemu ya chuo. Wanachokisahau ni kwamba katika vyuo vingi anayefaulu mtihani wa marudio huandikiwa C, hata kama karatasi yake ilistahili A. Katika stashahada, A ni pointi tano, B+ ni nne, B ni tatu na C ni mbili. Na mwenye stashahada anayeomba Shahada ya Ufamasia hutakiwa awe na wastani usiopungua 3.0.

Chukueni masomo matano yenye uzito sawa. Mwanafunzi ana B+ moja, B mbili, na C mbili za marudio. Jumla ni kumi na nne. Gawanya kwa tano, wastani ni 2.8. Kama yale mawili angeyafaulu kwa B mara ya kwanza, jumla ingekuwa kumi na sita na wastani 3.2. Tofauti ya kuingia na kutoingia chuo kikuu imebebwa na karatasi mbili alizozifanyia mzaha. Huyo hakufeli chuo. Alihitimu, akapigiwa vigelegele, akasherehekewa kwa pilau. Lakini wastani ule hautabadilika tena.

Jambo la pili ndilo linalotuuma zaidi. Binti mmoja wa mtaani kwetu alikuwa mwaka wa pili wa stashahada mama yake alipougua. Akafunga begi, akarudi kijijini kumuuguza. Alifanya lililo jema kwa mzazi wake, na hakuna atakayemlaumu kwa hilo. Lakini hakuandika barua. Mitihani ikafika, jina lake likasomwa, kiti kikawa kitupu. Aliporudi mwaka uliofuata akaambiwa kwamba kumbukumbu zinaonyesha ametoroka masomo. Vyeti vya hospitali vilipelekwa, tukaandika barua ya kamati, chuo hakikubadili uamuzi. Ameanza upya mwaka wa kwanza, na ada imelipwa mara mbili na familia isiyokuwa nayo hata mara moja.

Mwaka uleule, kijana mwingine alikatikiwa na ada katikati ya muhula. Yeye aliandika barua kwa mkuu wa chuo kabla ya mitihani, akaambatanisha maelezo ya mdhamini wake, akaomba kuahirisha masomo kwa mwaka mmoja, na akapewa jibu la maandishi. Alirudi mwaka uliofuata akaendelea pale alipoishia. Msiba wake haukuwa mwepesi kuliko wa yule binti. Alichowazidi wengine ni karatasi moja yenye muhuri.

Kuahirisha masomo kwa ruhusa si doa. Kutoweka ndilo doa. Na aliyetoweka chuo kikuu akataka kuomba kwingine hukuta kwamba jina lake bado limo katika mfumo wa udahili kama mwanafunzi wa kule alikotoka, akalazimika kurudi kuomba aondolewe rasmi.

Mfumo hauulizi sababu

Wazazi wengi hutuuliza: "Je, hakuna mahali pa kueleza kwamba mtoto aliumwa?" Kwa utaratibu wa udahili wa kwetu, maombi yote hufungwa kwenye namba ya mtihani ya kidato cha nne, na namba hiyo huyaleta matokeo yote kama yalivyo. Husomwa alama; machozi hayasomwi. Ndiyo maana kijana anayemficha baba yake matokeo hana alichokificha, kwani mwenye kuamua ameyaona tayari. Maelezo yana nafasi moja tu: kabla. Kabla ya kuacha somo, kabla ya mtihani, kabla ya kupanda basi.

Nasi wazazi tujiulize kwa nini watoto wetu hawatuelezi. Wengi wetu tumeugeuza ufamasia kuwa fahari ya nyumba. Mtoto anayejua kwamba atatukanwa kwa kupata E ya Fizikia hatasema kwamba Fizikia inamshinda. Atanyamaza mpaka inyamaze naye. Na wapo wasioupenda wala kuuweza. Dawa si bidhaa ya kubahatisha: atakayekosea hesabu ya kipimo cha mtoto mchanga hatasahihishiwa na mtihani wa marudio. Alama zinazodaiwa mlangoni, pamoja na ukali wake, zinamlinda mgonjwa, na mgonjwa huyo anaweza kuwa mjukuu wako.

Basi tunashauri haya. Mwenye mtoto kidato cha pili aende shuleni sasa, kabla masomo hayajachaguliwa. Mwenye mtoto kidato cha tano aulize Fizikia inakwendaje, aulize kwa upole, na kama inalegalega atafute mwalimu wa ziada mapema. Aliyekwisha kupata S au F asikate tamaa. Ama arudie somo kama mtahiniwa wa kujitegemea, ama apime alama zake za kidato cha nne aone kama zinamfikisha stashahada. Fundi dawa sanifu mwaminifu na hodari si mtu aliyeshindwa. Aliyeko chuoni ahesabu wastani wake kila muhula, asingoje mahafali. Na mwenye dharura, iwe ugonjwa, ada, ndoa au uzazi, asiondoke chuoni bila barua na bila kupata jibu lake kwa maandishi, na nakala aihifadhi.

Asiyejua kuiandika barua hiyo aje ofisini kwetu baada ya swala ya Alasiri. Tutaiandika pamoja naye siku hiyohiyo.

Wabillahi tawfiq.