Bunduki ya Mbao Inamwelekea Nani?

Jioni moja baada ya Misa, hapa Sumbawanga, niliwakuta watoto wakicheza nyuma ya kanisa, kila mmoja na bunduki aliyojiundia. Nilichukua moja nikaitazama. Ilikuwa kipande cha mbao kilichookotwa kwa seremala na kuchongwa kwa kisu. Mbele palikatwa pengo dogo, na nyuma palifungwa kibanio cha nguo. Ukanda wa mpira, uliokatwa katika tyubu kuukuu ya baiskeli, huvutwa toka kwenye pengo na kushikwa na meno ya kibanio. Ukikibonyeza, meno hufunguka na mpira huruka hatua kadhaa. Nakiri kwamba niliistaajabia kazi ile. Mtoto aliyeibuni bila mwalimu ana kipaji cha fundi.

Furaha yangu ilipungua nilipoutazama mchezo wenyewe. Walicheza polisi na majambazi, na jambazi alikuwa mtoto yule yule kila mara. Nilipouliza sababu, mmoja alijibu bila kusita: "Baba, huyu kwao ni ng'ambo ya ziwa." Mtoto huyo amezaliwa hapa hapa mjini.

Wazazi kadhaa walinishauri bunduki zile zichomwe. Sikubaliani nao. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1991, unatambua haki ya mtoto kucheza. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaihesabu kati ya wajibu wa mzazi. Zaidi ya hayo, mababu wa Ufipa walikuwa mafundi wa chuma. Waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuru ndefu za udongo ziitwazo malungu, na chuma hicho kikafuliwa majembe na mashoka, na mikuki pia. Mkono ulikuwa mmoja. Kilichotofautiana ni kusudi. Ndiyo maana nabii Isaya, alipotabiri amani, hakusema mafundi waache kufua, bali silaha zigeuzwe kuwa zana za mkulima (Isa 2:4).

Basi tusiogope mbao. Tuogope neno. Mtoto yule hakuliokota jalalani kama alivyookota kipande chake cha mbao. Alilisikia kwetu, tulipokuwa tukila na kuzungumza. Duka likivunjwa usiku, kabla polisi hawajafika, tayari tumekwisha kumtaja "mkimbizi". Tunasahau kwamba Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walifyeka pori na kulima Katumba, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1973, na Mishamo, mwaka 1978. Yote mawili yalikuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa kabla ya kuundwa kwa Mkoa wa Katavi mwaka 2012. Mwaka 2014 zaidi ya watu 150,000 kati ya wakimbizi hao na wazao wao walikabidhiwa uraia wa Tanzania. Vita vya Kongo vya mwaka 1996 na 1998 navyo vilivusha wengine ziwa, wakiwa mikono mitupu. Hata Familia Takatifu ilikimbilia ugenini Misri (Mt 2:13-15). Je, Mtoto Yesu naye tungempa nafasi ya jambazi?

Wiki iliyofuata nilipanga makopo matupu juu ya ukuta, nikawapa watoto sharti moja: hakuna kumlenga mtu, maana mpira unaweza kuharibu jicho. Walifurahi, na yule "jambazi" akalenga pamoja na wenzake. Lakini walipogombania zamu, nilisikia tena jina lile la zamani. Makopo yaweza kubadili shabaha ya mpira. Shabaha ya moyo hubadilishwa nyumbani.

Kwa hiyo nawaomba wazazi: msimpige mtoto kwa sababu ya bunduki ya mbao. Sifuni ufundi wake, mpeni kazi ya kutengeneza kigoda au mpini wa jembe, kisha muulizeni: "Adui yako ni nani, na nani amekuambia?" Jibu lake laweza kutuaibisha sisi.

Kwa tafakari katika Jumuiya Ndogo Ndogo:
1. Ni majina gani tunayowaita jirani zetu mbele ya watoto?
2. Ni familia ipi ya asili ya ugenini ambayo jumuiya yetu haijaitembelea bado? Tutaitembelea lini?