Kufunga Skrubu Si Kutengeneza Betri

Mheshimiwa akikata utepe mbele ya pikipiki ya umeme, hotuba huwa ni ileile: "Imetengenezwa Kenya!" Tunapiga makofi, tunaposti picha. Lakini hebu fungua hiyo betri. Ndani kuna seli zimepangwa kama mayai kwenye trei, na kwa kawaida hizo seli zimetoka Uchina. Sisi tumezipanga, tukaziunganisha, tukafunga skrubu, tukabandika stika. Ni kazi halali na kuna vijana inawalisha. Lakini tusidanganyane: kufunga skrubu si kutengeneza betri.

Wasee watasema, basi tujenge kiwanda cha seli. Sawa, kwa pesa gani? Northvolt ya Uswidi, iliyoanzishwa 2016, ilichanga zaidi ya dola bilioni 10. Machi 2025 ikafilisika. Ilishindwa kutoa seli nzuri kwa wingi na kwa wakati. Seli haina huruma: unyevu kidogo ukiingia, mzigo mzima ni wa kutupa.

Wengine watasema madini tunayo kwa jirani. Kweli, Kongo huchimba zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na tangu 2022 tuko nayo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kolwezi hata Kiswahili wanaongea. Lakini kobalti hiyo nyingi husafishwa Uchina, si hapa. Tena betri za lithiamu za chuma na fosfeti, ambazo zinazidi kuenea, hazina kobalti hata gramu moja. Kuwa karibu na shimo si kuwa na kiwanda.

Mimi nasema tuanzie mkiani. Kila betri inayoingia nchini itachokea hapahapa. Nani ataifungua, apime seli moja moja, atoe zilizokufa, na zile nzima azipange upya ziwashe taa za duka? Huko ndiko ujuzi wa seli hujifunzwa, na hauhitaji mabilioni. Fundi wa jua kali anayefufua betri za laptopu tayari ameanza safari. Anachokosa ni mafunzo, vifaa vya kupimia, na ruhusa. Kwa sababu betri inakuja imefungwa kwa gundi na programu, na mwenye boda anayeibadilisha kituoni anaikodi tu. Taarifa za afya yake zinakaa kwa kampuni. Sheria ilazimishe kampuni kumfungulia fundi aliyesajiliwa taarifa hizo, na kuchukua kila betri iliyokufa.

Na tukifanya ovyo? Tunajua mwisho wake. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kiliwaachia wakazi sumu ya risasi mwilini, watoto wakiwemo. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Hicho nacho kilikuwa kiwanda cha nyumbani, na ajira kilileta.

Kwa hivyo mheshimiwa akija tena na mkasi wake, usiulize pikipiki inakimbia kilomita ngapi. Uliza hivi: betri hii ikifa, nani wa hapa anajua kuifungua, na itazikwa kwenye mtaa wa nani?