Ubora wa Hedifoni Wazi ni Ubora wa Chumba Kimya

Miongoni mwa watu wanaojihesabu kuwa wajuzi wa sauti imeenea itikadi, nayo hurudiwa kwa yakini kubwa, kwamba hedifoni zilizo wazi kwa nyuma ndizo za wasikilizaji wa kweli, na kwamba zile zilizozibwa ni za vijana wapenda besi na wasafiri wasio na hiari. Itikadi hii naikataa, ingawa sikatai kwamba ina asili yenye haki ndani yake.

Asili yenyewe ni hii. Kiwambo cha hedifoni kinapotikisika hutoa sauti pande mbili, mbele kuelekea sikioni na nyuma kuelekea nje. Nyuma pakizibwa, sauti ile hugonga ukuta wa plastiki ikarejea na kuchanganyika na ya mbele, hata msikilizaji akaona muziki umefungiwa ndani ya fuvu lake. Pakiachwa wazi, hutoka ikaenda zake. Sennheiser walipotoa HD 414 mwaka 1968, chombo chepesi chenye sifongo masikioni, waliwaondolea watu uzito na jasho, na muziki ukapata upana ambao wengi hawakuwa wameuzoea. Anayesikiliza taarabu asilia usiku wa manane, mlango umefungwa na feni imezimwa, atazisikia nyuzi za kanuni zikidonolewa upande huu na fidla zikimwitikia mwimbaji upande ule, na baina yao nafasi ya kupumua. Hapo sina ubishi.

Lakini hebu feni iwashwe. Tundu linalotoa sauti ndilo liingizalo kelele, na jenereta ya jirani haibishi hodi. Ngurumo ya injini imo katika tabaka lile lile la besi, kwa hiyo kinachomezwa kwanza ni ngoma na gita zito, na msikilizaji, badala ya kuhama mahali, huongeza sauti. Shirika la Afya Duniani limeweka kwa watu wazima kiasi cha desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hukatwa nusu: kwa desibeli 89 zimebaki saa 5 tu. Basi yule mpenda usafi wa sauti aliyeketi barazani kando ya barabara kuu analipa usafi huo kwa masikio yake mwenyewe, na fauka ya hayo anawasikilizisha jirani zake wimbo wasiouomba.

Na wimbo huo anaouhusudu, aghalabu aliyeuimba alikuwa amevaa hedifoni zilizozibwa, kwa sababu katika studio mlio ukivuja kutoka sikioni huingia katika kinasa sauti na kuharibu kazi. Sony MDR-7506, iliyotoka mwaka 1991, ingali ikitumika studioni hadi leo. Sijui wajuzi wetu watawaita mafundi hao wajinga wa namna gani.

Zilizozibwa zina aibu zao, na ile kubwa ni miwani. Mkono wa miwani huinua mto wa hedifoni kwa upenyo mwembamba tu, besi ikakimbia yote, na mnunuzi akazirudisha dukani akisema ni dhaifu. Laiti angezibana kwa viganja angesikia ngoma ikirejea papo hapo. Dawa ni mto laini. Kwa singeli, ambayo pasipo kishindo haiwi kitu, huo ndio msingi wa jambo lote. Ama zile zinazoitwa nusu wazi, mimi huziona zimejitwika aibu za pande zote mbili.

Anayeishi kando ya stendi, au anayelala chumba kimoja na wadogo zake, na ana fedha ya kununua moja tu, na anunue zilizozibwa bila haya. Na amchekaye na alale hapo usiku mmoja kwanza.