Kazi ya kuandika bei: Jina kubwa, mfuko mdogo

Mavuno yakianza Nyanda za Juu Kusini, swali katika masoko ya Mbeya na Iringa huwa moja: Dar es Salaam wananunua kwa bei gani? Anayelijibu gazetini au redioni mara nyingi ni kijana wa huku huku, na wengi wao hutamani kuajiriwa na kampuni kubwa ya habari za biashara na fedha. Kazi hiyo ina faida zake. Ina na hasara, ambazo nyingine huishia mfukoni mwa mfanyabiashara.

Faida ya kwanza ni shule. Biashara ya habari za bei ni ya siku nyingi. Mwaka 1850 Paul Julius Reuter alitumia njiwa kupeleka bei za hisa kati ya Brussels na Aachen, na mwaka 1851 akafungua ofisi London. Katika kampuni kama Reuters au Bloomberg, iliyoanzishwa New York mwaka 1981, mwandishi hufundishwa kusoma mizania ya benki na kuhakiki tarakimu kabla haijatoka, kwa kuwa tarakimu moja ikikosewa kuna mtu anapata hasara. Faida ya pili ni jina. Mwenye kitambulisho cha kampuni kubwa hufunguliwa milango ambayo mwandishi wa kujitegemea huizunguka wiki nzima.

Kwa upande mwingine, yapo masharti. Waandishi wa Reuters, kwa mfano, hawaruhusiwi kufanya biashara ya hisa za kampuni wanazoziandikia. Kijana mwenye hisa chache za NMB au CRDB katika Soko la Hisa la Dar es Salaam ajue hilo kabla ya kutia saini. Sharti hilo ni la haki, lakini linabana.

Hasara kubwa zaidi ni malipo. Mikoani wengi si waajiriwa bali hulipwa kwa kila habari inayochapishwa. Aliyepanda basi kutoka Iringa mjini hadi Ilula kuulizia bei ya nyanya, kisha habari yake ikakosa nafasi, nauli imekwenda bure. Hapo ndipo bahasha ya mlanguzi inapoingia. Bei iliyoandikwa kwa bahasha humfanya mkulima auze mapema kwa bei ya chini, na humfanya mchuuzi mdogo wa Mwanjelwa anunue ghali mzigo utakaomdodea.

Liko pia suala la kipimo. Mhariri aliye mbali anataka bei ya gunia basi. Lakini gunia la viazi Uyole laweza kuwa la kilo 100 kama inavyotakiwa, au likawa lumbesa lililovimba hadi juu. Bei ni ile ile, mzigo si ule ule. Kijana aliyekulia sokoni anaijua tofauti hiyo. Akihamishiwa makao makuu kuandika habari za sarafu na dhamana, ujuzi huo unaondoka naye, na anayeshika nafasi yake anaandika "gunia" bila kuuliza uzito.

Kuhusu usalama wa kazi, ukubwa wa kampuni ni ngao na pia ni shabaha. Februari 2019 gazeti la The Citizen lilifungiwa siku saba baada ya kuandika habari kuhusu kushuka kwa thamani ya shilingi. Kampuni kubwa ina mawakili na akiba ya kuvuka siku kama hizo. Mwandishi anayelipwa kwa habari hukaa siku saba bila senti.

Kwa hiyo kijana akipata nafasi aende, lakini adai mambo matatu: mkataba wa maandishi, nauli ya kufika sokoni, na ruhusa ya kuandika bei kwa kilo. Kampuni zinazouza habari za mazao ya Mbeya na Iringa nazo zinapaswa kuweka mwajiriwa huku, kwa maana bila yeye hazina cha kuuza.

Wafanyabiashara nao wana sehemu yao. Anayemlalamikia mwandishi kwa bei ya uongo ajiulize kwanza bahasha ilitoka kwa nani. Bei ya kweli ina gharama, na ni nafuu kuilipia kwa kununua gazeti kuliko kuilipia kwa mzigo uliooza.