Jim Reeves Msibani, Ngoma Nje ya Ua



Mwaka 2024 ulikuwa mwaka wa mzozo katika muziki wa kantri, ule muziki wa mashambani wa Marekani ambao wengi wetu tunaufahamu kwa jina moja tu: Jim Reeves. Mwezi Februari mwaka huo Beyoncé alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kushika nafasi ya juu katika orodha ya Billboard ya nyimbo za kantri. Mwezi huohuo kituo kimoja cha redio huko Oklahoma kilimkatalia msikilizaji aliyeuomba wimbo huo, kikisema kwamba chenyewe ni kituo cha kantri. Kelele zilipozidi, kikaupiga. Albamu yake, Cowboy Carter, ilitoka tarehe 29 Machi. Ilipofika Septemba, Chama cha Muziki wa Kantri kilitangaza majina ya wanaowania tuzo zake, na jina lake halikuwamo hata mahali pamoja. Kisha, tarehe 2 Februari 2025, albamu hiyohiyo ikatwaa Grammy ya albamu bora ya kantri, pamoja na ile ya albamu bora ya mwaka.

Mtaniuliza: Padre, hayo yatuhusu nini sisi wa Busale, wenye mpunga wa kuvuna na kakao ya kuanika? Yatuhusu, kwani hukumu iliyotolewa Oklahoma hutolewa pia katika nyua zetu, na wanaoitoa ni sisi wenyewe.

Banjo, ambalo ndilo sauti ya kantri ya zamani, halikutoka Ulaya. Lilitengenezwa na Waafrika waliopelekwa utumwani katika visiwa vya Karibi na Marekani, kwa mfano wa vinanda vya kibuyu vya Afrika Magharibi. Wajola wa Senegali na Gambia wangali wanapiga kinanda chao kiitwacho akonting. Hank Williams, ambaye Wamarekani humheshimu kama mmoja wa magwiji wa muziki huo, alifundishwa na Mweusi mmoja wa mitaani, Rufus Payne. DeFord Bailey, mpuliza kinanda cha mdomo, alikuwa miongoni mwa nyota wa kwanza wa Grand Ole Opry kule Nashville. Wakamfukuza mwaka 1941, na hawakumwingiza katika Jumba la Heshima la kantri hadi mwaka 2005, naye alikuwa amekwisha kufa tangu 1982. Watu walikipokea chombo, wakayapokea mapigo, wakamfungia mlango mwenye navyo.

Sasa tutazame kwetu. Katika misiba kadhaa ya hivi karibuni nimeona wazee wakiombwa kuziweka ngoma nje ya ua, eti ni mambo ya kipagani, na hapohapo spika za kukodi zikiwekewa nyimbo za kantri, eti ni za kutuliza roho. Ndani ya mkusanyo huo wa "nyimbo za dini" nimesikia He'll Have to Go. Je, wenye msiba wanajua wimbo huo wasema nini? Ni mwanamume aliye katika baa, anapiga simu, anambembeleza mwanamke amwondoe mwanamume mwingine aliye naye. Hayo ndiyo tunayomsindikizia marehemu, kwa sababu tu yameimbwa polepole na kwa Kiingereza!

Sina ugomvi na Jim Reeves. Aliimba pia nyimbo za kiroho, na sauti yake ilikuwa njema. Ugomvi wangu ni na mizani yetu. Hoja ninayoletewa mara kwa mara ni kwamba ngoma huleta pombe. Pombe huletwa na anayeinunua. Nami nimewaona walevi kandokando ya spika kama kandokando ya ngoma. Isitoshe, wimbo wa kantri uliotamba kuliko yote mwaka huo wa 2024, ule wa Shaboozey, kijana wa Virginia mwenye wazazi Wanijeria, uliokaa juu ya orodha kuu ya Marekani kwa majuma 19, ni wimbo wa baa tangu kichwa chake.

Wengine husema kwamba Kanisa limekataza. Limekataza lini? Konstitusio ya Liturujia Takatifu, iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, yaagiza kwamba mapokeo ya muziki ya kila taifa, hasa katika nchi za misioni, yathaminiwe na kupewa nafasi yake. Mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga, Mtanganyika mwenzetu, alichapisha kitabu kizima juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Miaka zaidi ya 60 imepita, nasi bado twasimama langoni kuzizuia ngoma.

Na wapigaji wanapungua. Katika vijiji vyetu waliobaki wanaoyajua mapigo ya msiba, yale ya kuita jamaa na yale ya kumsindikiza mzee kaburini, ni wachache, nao wamezeeka. Vijana hawajifunzi kitu ambacho wamekiona kikifukuzwa.

Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, kamati ya liturujia itajadili pendekezo la kuzuia ngoma katika mazishi ya waamini. Msimamo wangu mmeusoma. Wazee wapigaji nimewaalika, waje na ngoma zao. Mwenye spika naye anakaribishwa, ila atufasirie kwanza nyimbo zake.