Uso wa mtu aliyepotea haukisiwi

Hapa kwetu uwanda wa Ruzizi, watu wakitawanyika, picha inageuka kuwa mali. Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa M23, maelfu ya watu walivuka mto Ruzizi wakaingia Burundi, na wengi walilala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo. Desemba 2025 vita vikashuka kwa barabara namba 5, Luvungi, Sange, mpaka Uvira, na watu wakavuka tena. Mzazi aliyeachana na mtoto njiani anatafuta picha kwenye simu, anaituma katika makundi ya WhatsApp, anaandika: mwenye kumwona huyu atupigie.

Ni kuhusu picha hiyo nataka kusema. Siku hizi kuna vyombo vya akili bandia vya kurekebisha picha. Unakipa picha yenye giza au ukungu, kinakurudishia picha safi kama ya studio. Maoni yangu ni haya: picha ya mtu anayetafutwa isisafishwe kwa vyombo hivyo, na wanaovitengeneza waandike wazi kwamba vinakisia.

Nasema vinakisia kwa sababu ndivyo vinavyofanya kazi. Picha yenye ukungu imekwisha kupoteza sehemu ya uso, na kilichopotea hakimo tena ndani yake. Chombo kinaangalia kidogo kilichobaki, kinalinganisha na nyuso nyingi kilizofundishwa, halafu kinachora uso unaowezekana. Juni 2020 watu walijaribu programu iitwayo PULSE, iliyotoka Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Waliipa picha ya Barack Obama yenye ukungu, ikatoa uso wa mzungu. Kama uso unaojulikana dunia nzima uligeuzwa hivyo, mtoto wa Lubarika aliyepigwa picha jioni kwa simu ya bei ndogo atatoka na uso wa nani?

Mtu atajibu kwamba vyombo vya leo vimeendelea sana. Ni kweli, na hilo linaongeza hatari. Uso mbaya wa kukisia tunaushuku mara moja, lakini uso mzuri wa kukisia hakuna anayeuuliza swali. Mama anamtambua mwanawe kwa kovu la kipaji, jino lililovunjika, sikio moja lililojikunja. Kwa chombo, vitu hivyo vinaweza kuonekana kama uchafu wa picha, kikavifuta.

Sisi watu wa Kivu tunajua thamani ya picha isiyoguswa. Baada ya 1994, katika kambi za Goma, watoto waliopotezana na wazazi walipigwa picha, na picha zikabandikwa ili ndugu wapite na kuzitazama. Kazi ile ilitegemea jambo moja tu: uso wa kwenye karatasi ni uso wa mtoto yule yule.

Sasa kuna jambo jipya. Zamani mtu mwenyewe alikaa mbele ya mashine akarekebisha picha moja moja. Leo programu inaweza kupewa kazi nzima, kwa mfano, "panga picha hizi elfu moja na uziboreshe", nayo inachagua yenyewe vyombo vya kutumia. Programu ya namna hiyo inaitwa wakala. Wakala hajui Lubarika wala hajui kwamba picha ni ya mtoto anayetafutwa. Anachosoma ni maelezo yaliyoandikwa na mtengenezaji wa chombo: jina lake, kazi yake, kinahitaji kupewa nini na kitarudisha nini. Maelezo yakisema "kinaboresha nyuso", wakala ataboresha nyuso zote elfu moja, na huenda hakuna mtu atakayezitazama kabla hazijafika kwenye orodha ya kutafuta ndugu.

Ndiyo maana maelezo hayo mafupi ni jambo kubwa. Yanapaswa kusema: chombo hiki kinabuni sehemu za uso ambazo hazionekani. Kisitumike kwa picha za kutambua watu. Picha ya kwanza ihifadhiwe kama ilivyo. Kila kilichobadilishwa kiandikwe. Mistari minne tu. Na shirika lolote linalokuja kuandikisha familia zetu lina wajibu wa kutuambia kama linatumia vyombo hivi.

Kuna wanaosema kwamba familia nyingi hazina picha nzuri. Wanasema kweli. Wengi walikimbia bila kitu, wamebaki na kadi ya mchaguzi tu, na tunajua kadi nyingi za 2023 zilivyofutika upesi. Kuongeza mwanga kwa picha nzima au kukata pembeni hakubuni uso. Kufunika uso wa mtoto au wa mama aliyebakwa ili asitambuliwe ni ulinzi, na ni vizuri mradi isemwe kwamba umefunikwa. Ninachokataa ni kuchora upya uso na kuuita wa fulani. Picha mbovu ya kweli, pamoja na maneno ya anayemjua mtu, inasaidia zaidi.

Makampuni nayo yamejaribu. Tangu 2021 Adobe, Microsoft, BBC na wengine wana mpango uitwao C2PA, unaobandika ndani ya picha habari za ilikotoka na ilivyobadilishwa. Google ilileta alama iliyofichika, SynthID, mwaka 2023. Ni hatua nzuri. Lakini WhatsApp inapopunguza uzito wa picha, habari zilizobandikwa ndani yake mara nyingi hupotea. Kwetu picha inapita mikono ishirini kabla ya kufika Kavimvira.

Basi tusingoje makampuni. Picha ya anayetafutwa itumwe kama dokumenti, si kama picha ya kawaida, ili ifike kama ilivyo. Chini yake yaandikwe majina, umri, mahali na siku alipoonekana mwisho, na alama za mwilini. Ile ya kwanza ibaki kwenye simu, na nakala kwa ndugu mwingine. Kwa mtoto mdogo, mpeleke habari Croix-Rouge kwanza, maana kundi la WhatsApp lina wasomaji wema na wabaya. Na kijana wa kartie akisema, "Mama, lete nikusafishie hiyo picha," mjibu kwa upole: asante mwanangu, iache hivyo. Mtoto wangu ana kovu, na ni kwa kovu hilo nitamjua.